Karatasi Chini ya Siti

Mimi ni dereva wa bodaboda. Niliishia darasa la saba na naandika polepole, kwa hiyo mnivumilie. Daftari hili nimepewa na nesi wa kliniki ya kifua kikuu. Alisema watu wanaokaa kwenye benchi la nje kusubiri majibu wanakuwa na hofu sana, maneno ya nesi hayawaingii, labda ya mwenzao yatawaingia. Nikamwambia mimi siwezi kusema mbele za watu. Akasema ndiyo maana amenipa daftari.

Naanza na pikipiki, kwa sababu ugonjwa wangu ulijificha humo.

Kijiwe chetu kiko Utemini, mbele ya mashine ya kukamua alizeti. Anayeijua Singida anaujua upepo wake. Kuanzia mwezi wa tano unakukuta barabarani kama mtu anayekusukuma kifuani kwa kiganja, na ukipanda pikipiki anakusukuma kwa viganja viwili. Kwa hiyo madereva wote tunavaa jaketi kinyume, mgongo wa jaketi ukae kifuani. Zipu inakuwa nyuma na mwenyewe huwezi kuifikia. Kila asubuhi madereva wanageuziana migongo na kufungana zipu, watu wazima na ndevu zao, kama watoto wanaoandaliwa kwenda shule.

Aliyekuwa ananifunga mimi ni Elibariki, mtu wa Mitundu. Tulikuwa tumepanga chumba kimoja, yeye na mimi, miaka mitatu. Mimi kwetu ni Kinampanda. Pale kijiweni waliniita Bubu kwa sababu siongei. Eli peke yake aliniita kwa jina langu, Zakaria, au Zaka akiwa na furaha.

Chini ya jaketi kila dereva wa kijiwe chetu anaweka kipande cha ngozi ya mbuzi kifuani. Utaratibu huo uliletwa na Baba Nuru, mwenyekiti wetu, ambaye ameendesha pikipiki tangu sisi tukiwa tunanyonya. Ukiingia kijiweni, anakupa ngozi. Na ukianza kukohoa anakupiga begani, anasema, "Haya, sasa umekuwa dereva. Hicho ni kikohozi cha upepo. Ndiyo leseni yenyewe hiyo, ile nyingine ni ya kumwonyesha trafiki." Yeye mwenyewe alikuwa anakohoa siku zote. Tulikuwa tunamtambua kwa kikohozi kabla hajakata kona. Kwa hiyo nilipoanza kukohoa wakati wa kuvuna alizeti, sikuogopa. Nasema ukweli, nilifurahi kidogo.

Mbio tulikuwa tunafanya Jumapili alasiri, kwenye barabara ya vumbi inayotoka nje ya mji, kuanzia kwenye mashine mpaka kwenye kona ya mawe makubwa na kurudi. Hakukuwa na zawadi. Ukishinda unaitwa mshindi mpaka Jumapili nyingine, basi. Watu wanafikiri mbio ni kufungua mafuta. Kufungua mafuta hata mlevi anaweza. Mimi naona mbio ni kujua lini uyafunge. Kwenye kona ya mawe wengi wanafunga mapema kwa woga, wengine wanachelewa wanaishia kwenye miiba. Unalala juu ya tangi, unabana pumzi, unaisikiliza injini ikikuambia. Nilikuwa mzuri kwa hilo. Sehemu ambayo sikuhitaji kuongea, nilikuwa mzuri.

Na kuhusu kubadilisha pikipiki, hapo mimi na Eli hatukupatana kamwe. Mimi nina ile nyekundu ya kiki, ya kuwashwa kwa mguu, tangu nianze. Najua kila mlio wake. Eli alibadilisha pikipiki kama watu wanavyobadilisha laini za simu. Miezi minne, mitano, ameshapata nyingine. Alikuwa anasema, "Ikibadilika sauti, mpe mwenzako. Duniani kuna pikipiki nyingi, Zaka, unang'ang'ania mke mmoja wa chuma?"

Mimi nilikuwa namjibu, "Ikibadilika sauti, izime, sikiliza."

"Wewe sikiliza. Mimi naondoka."

Wakati huo alikuwa na ya bluu.

Jumapili moja ya mwezi wa saba nilikuwa mbele yake. Tulishageuka kwenye mawe, nimemwacha kama nguzo tatu za umeme, na upepo ulikuwa mkali mpaka helmeti inapiga mluzi. Nilikuwa nimekonda, jaketi linanipwaya, lakini nilisema wepesi ni faida. Nikakohoa mara moja. Mbele ya macho yangu kioo cha helmeti kikawa na madoadoa mekundu. Nilidhani nimegonga mdudu. Nikafuta kwa glavu. Hayakutoka. Nikafuta tena. Ndipo nikaelewa kuwa yapo kwa ndani.

Nilifunga mafuta. Eli alinipita akipiga honi. Nilifika wa mwisho kabisa, nikapitiliza mpaka kwenye bomba la jirani, nikaosha kioo kabla mtu hajanikaribia.

"Vipi, Bubu!" Baba Nuru aliita. "Umeenda kusalimia wakwe?"

Eli alikuja bila kucheka. "Ulikuwa umeshashinda. Imekuwaje?"

"Gia," nikasema. "Imegoma."

Lile ndilo neno nililosema. Mengine yote yaliyotokea yametoka kwenye neno hilo, mkisoma mtaona.

Kesho yake nilikwenda hospitali peke yangu. Nilikaa kwenye benchi ambalo wewe unayesoma pengine umekalia sasa. Mbele yangu kulikuwa na mama mwenye kanga ya njano aliyekuwa anashika kikopo chake cha makohozi kwa mikono miwili, kama kikombe cha chai. Kila mlango ukifunguliwa wote tunainua vichwa. Nakumbuka sikutaka zamu yangu ifike, na hapohapo nilitaka yule nesi aite jina langu yaishe. Nilitoa makohozi siku hiyo, nikapimwa na damu, nikaambiwa nirudi Alhamisi.

Alhamisi nesi alifunga mlango akaniambia ni kifua kikuu. Damu yangu haikuwa na virusi vya UKIMWI. Dawa ni miezi sita na kinapona. Sikumbuki mengine ya hapo, nilikuwa naangalia viatu vyake. Nilisikia tena aliponiuliza, "Unalala na nani chumbani?"

"Na mwenzangu."

"Dirisha mnafungua?"

"Tumeliziba kwa gunia. Kwa ajili ya upepo."

Aliweka kalamu mezani. Halafu akasema, si kwa ukali, "Upepo ndio ungewasaidia. Huu ugonjwa unapenda chumba kilichofungwa. Unakohoa, hewa inabaki humo, mwenzako anaivuta usiku kucha." Akaandika karatasi. Iliandikwa jina la Eli, na kwamba ameishi chumba kimoja na mgonjwa, aje apimwe mapema, hata kama hajisikii kuumwa. "Mpe leo. Usimtishe. Mwambie tu."

Mwambie tu. Kwa watu wengine hilo ni jambo jepesi.

Nilimkuta Eli uani, amelala chali chini ya pikipiki yake ya bluu anakaza mnyororo. Nilisimama. Karatasi ilikuwa mfukoni. Nikamwambia nimepewa dawa za kifua na naenda nyumbani kupumzika. Akasema, "Sawa, kesho nakupeleka kwa nyekundu yako, mimi nitarudi na basi." Halafu akaondoka kwenda dukani kununua sabuni. Nikabaki na ile pikipiki ya bluu.

Dereva wa bodaboda ana sehemu moja ya kuwekea karatasi. Ni chini ya siti. Leseni, bima, picha ya mtoto, kila kitu kinakaa hapo. Nikasema, hapa ataikuta mwenyewe, ataisoma akiwa peke yake, hataniangalia usoni na mimi sitamwangalia. Nikainua siti, nikaweka karatasi juu ya vitu vyake, nikaifunga. Nilijisikia kama mtu aliyetua mzigo.

Asubuhi alinibeba mpaka Kinampanda. Kabla ya kuondoka alinigeuzia mgongo, nikamfunga zipu. Njia nzima kifua changu kilikuwa kwenye mgongo wake. Nilipokohoa aligeuza kichwa kidogo, "Poa?" nami nikampiga begani mara moja, maana yake poa. Nilikuwa na saa mbili na zaidi za kusema.

Mama yangu aliteuliwa kuwa msimamizi wa dawa zangu. Kila asubuhi kabla ya chai alisimama mbele yangu mpaka nimeze, kisha ananiambia nifungue mdomo aone. Siku ya kwanza nilikojoa mkojo mwekundu kama soda ya rangi, nikarudi ndani, nikajua figo zimekwisha. Hakuna aliyekuwa ameniambia, au niliambiwa nikiwa naangalia viatu. Ni dawa. Wewe usiogope. Baada ya hapo viungo viliuma, magoti hasa, nikawa natembea kama mzee. Mikono yangu iliyokuwa inabana klachi siku nzima ikashindwa kukamua nguo.

Dada yangu alikuwa amekuja na mtoto wake mdogo kusaidia kupiga alizeti. Aliposikia, alifunga mizigo siku hiyohiyo. Hakuaga. Mama alilia jikoni kwa sababu alikuwa upande wake na upande wangu pia. Kikombe changu, sahani yangu na kijiko changu vikawekwa kwenye beseni la peke yake. Majirani walipita njia ya mbali na kusalimia kwa mkono. Kuna waliosema ni ule ugonjwa mwingine, unatafutiwa jina zuri. Mama aliwajibu kwa Kinyiramba maneno ambayo siwezi kuyaandika kwenye daftari la hospitali.

Lakini jambo moja nilifanya. Niliondoa gunia dirishani. Upepo uliingia na vumbi lake lote, ukawa unapeperusha kalenda ukutani. Mama alilalamika, halafu akazoea.

Baada ya wiki tatu njaa ilikuja. Si njaa ya kawaida. Nilikula ugali wa mtama wa watu wawili, nikaomba tena, na mama alichinja kuku wa tatu, anakaa pembeni ananitazama natafuna kama anayetazama mvua. Nawaambia ninyi wa benchini, njaa hiyo itakuja. Ikija mtajua mmegeuka kona.

Eli alikuwa anapiga simu kila Jumapili. Nilisubiri aseme kuhusu karatasi. Hakusema. Simu ya kwanza kabisa aliniambia, "Ile bluu sina tena. Kesho yake tu nilivyorudi nilibadilishana na Baba Nuru, nimechukua yake nyeusi ndefu. Yeye anataka ya kumpumzisha mgongo. Mimi nilikushinda kwa sababu gia yako iligoma, Zaka. Huo si ushindi. Ukirudi tukimbie vizuri, nikushinde ukiwa mzima."

Nilitaka kumuuliza kama alitoa vitu vyake chini ya siti.  Nikajiambia, hakuna dereva anayetoa pikipiki bila kutoa karatasi zake. Ameiona. Amesoma. Hataki tuongee, kama mimi nisivyotaka. Nikamheshimu kwa hilo. Mnaona nilivyojidanganya? Nilidhani yeye ni mimi.

Nilipokwenda mjini kupimwa baada ya miezi miwili, nesi alifurahi, makohozi yalikuwa safi. Dawa zikapunguzwa. Kisha akauliza, "Na mwenzako? Karatasi ulimpa?"

"Nilimpa."

"Mbona hajaja?"

"Nitamkumbusha."

Nilipita kijiweni dakika chache kabla ya basi. Eli alikuwepo, amevaa jaketi kinyume, anakohoa. Shingo yake ilikuwa nyembamba. Aliniinua juu mbele ya watu wote, akasema, "Tazameni, Bubu kanenepa kama mke wa mwalimu!" Wakacheka. Nilicheka na mimi. Nikamwambia, "Eli, hicho kikohozi."

"Upepo," akasema. "Nimeshakuwa dereva."

Baba Nuru naye akakohoa, na wote wakacheka zaidi. Basi likapiga honi. Nikapanda.

Mvua za kwanza zilinyesha mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja. Nilikuwa na nguvu ya kushika jembe nusu siku. Simu za Eli zikawa fupi, halafu zikakoma. Tulipokuwa kwenye palizi ya kwanza, Baba Nuru alinipigia. "Mwenzako wamemrudisha kwao. Hali si nzuri. Kama una nauli, nenda."

Mitundu ni mbali. Nilifika siku ya pili mchana. Mama yake Eli alinipokea, nikampa shikamoo, akanishika mkono hakuuachia mpaka chumbani. Dirisha lilikuwa limezibwa kwa gunia la mbegu. Mtu aliyekuwa kitandani sikumjua mpaka alipocheka.

"Zaka. Umekuja na nyekundu?"

"Na basi."

"Aibu kwako."

Nikaondoa gunia. Mama yake alitaka kunizuia, nikamwambia, "Mama, kwa hisani yako, acha hewa iingie." Nilishangaa sauti yangu. Pembeni ya kitanda kulikuwa na pakiti za dawa. Nilizijua kabla sijazishika. Alikuwa amezianza wiki mbili zilizopita, hospitali walisema mapafu yote mawili yameliwa, amechelewa sana.

Eli aliniona ninavyozitazama. "Unazijua?"

"Nazijua."

"Ndizo ulizokuwa unakunywa?"

"Ndizo."

"Tangu lini?"

"Tangu zile mbio. Gia haikugoma, Eli. Nilitema damu."

 Nje kuku walikuwa wanakwaruza chini ya dirisha. Halafu akasema taratibu, hakuwa na hasira, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, "Hukuniambia."

"Niliweka karatasi. Ya nesi. Chini ya siti ya ile bluu."

Macho yake yaliacha kunitazama, yakaenda kwenye dari, yakarudi. Akaanza kucheka, kikohozi kikamkamata, mama yake akaja na kikopo. Alipotulia alisema, "Baba Nuru alinipa nyeusi, nikampa bluu, leseni ninayo mfukoni, nikaondoka. Siti sikuinua. Mimi siti siinui, Zaka. Wewe unanijua. Natoa na vyake vyote."

"Najua."

"Sasa mtu kama mimi unamwekea karatasi chini ya siti?"

 Nilikaa pale kitandani nikamshika mguu juu ya shuka. Baadaye aliniomba nimsimulie kona ya mawe, nilivyokuwa naipita, kwa sababu hakuwahi kuelewa nafunga mafuta wapi. Nikamsimulia yote. Kuna jiwe lina doa jeupe kama kovu la ndui, ukilifikia hesabu moja, funga, inama. Nadhani sijawahi kuongea muda mrefu vile maishani. Alisikiliza amefumba macho. "Moja," akasema. "Mimi nilikuwa nahesabu mbili."

Nilikaa naye siku nane. Siku ya tisa asubuhi alifariki, mama yake akiwa amemshika kichwa.

Madereva wa kijiwe walikuja na pikipiki zao, safari yote ile. Kwenye mazishi ya dereva, wenzake hupiga resi pikipiki zikiwa zimesimama, mpaka ardhi inatetemeka. Walifanya hivyo. Mimi nilikuwa kwa miguu. Niliona ile ya bluu katikati yao, Baba Nuru juu yake, anakohoa kwenye leso.

Nilimaliza dawa mwishoni mwa mwezi huohuo. Nesi alinipa majibu ya mwisho, nimepona. Nilimweleza kila kitu kuhusu karatasi. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Hiyo pikipiki ya bluu iko wapi sasa?"

Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja kijiweni, na nyekundu yangu, kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa saba. Mguu ulikuwa bado dhaifu, ilinichukua kiki nne kuiwasha. Wenzangu wote walikuwepo, kama kumi. Baba Nuru alikuwa amekaa juu ya ile bluu anakula karanga.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, Bubu. Karibu tena. Pole kwa mwenzako."

"Naomba unyanyuke. Nataka kuinua siti yako."

Wakaguna. Mmoja akasema, "Leo bubu kasema!" Baba Nuru alinyanyuka kwa mshangao zaidi kuliko kwa kutaka. Nikainua siti. Ilikuwepo. Imekunjwa vilevile, pembe moja ina mafuta ya injini, imelala chini ya karatasi zake mwenyewe.

"Hiyo niliiona," alisema. "Nikadhani ni bima ya pikipiki, nikaiacha. Mimi maandishi madogo siyaoni."

Niliifungua.  Nikaisoma kwa sauti, mbele yao wote, kwa usomaji wangu wa darasa la saba, neno moja moja. Nilisoma jina la Elibariki. Nilisoma aje apimwe mapema, hata kama hajisikii kuumwa. Nilipomaliza, hata aliyekuwa amewasha pikipiki alishazima.

"Hii ilikuwa ya Eli," nikasema. "Niliona haya kumpa mkononi. Baba, kikohozi chako si cha upepo. Na changu hakikuwa. Na cha Eli hakikuwa. Twende."

Alinyoosha mgongo. Ni mtu mzima, ana wajukuu. "Unanifundisha mimi kukohoa, wewe mtoto? Mimi niliyekupa ngozi?"

"Ndiyo, Baba."

"Na nikikataa?"

 Nikapanda nyekundu, nikaiwasha, nikasogea mbele mpaka kwenye tangi kumwachia nafasi kubwa kwenye siti, nikasubiri. Nilisubiri kama dakika kumi, injini inanguruma, sisemi, lakini siondoki. Kunyamaza kwangu siku hiyo hakukuwa kule kwa zamani. Mwishowe alimwaga karanga zilizobaki kwenye kiganja cha mwenzake, akavua jaketi lake, akalivaa upande wake sahihi, akafunga zipu mwenyewe mbele kama mtu anayekwenda ofisini. Akapanda.

Njiani alinikoholea mgongoni. Niliendesha taratibu, upepo ukitupiga usoni.

Kilikuwa ni kifua kikuu. Sasa alizeti inavunwa tena na yeye yuko mwezi wa nne wa dawa. Siku ya kwanza alinipigia simu akipiga kelele kwamba nimempeleka kuuawa, mkojo umekuwa mwekundu. Nilicheka, halafu nikakumbuka nani angecheka zaidi, nikakaa chini. Pale kijiweni ngozi bado tunavaa, baridi ni baridi, lakini anayekohoa wiki mbili hapigwi begani tena. Anapandishwa nyuma ya pikipiki.

Mbio sishiriki. Pumzi yangu imerudi, lakini si ile. Ninapofika kona ya mawe napita polepole, na kwenye lile jiwe lenye doa jeupe nahesabu mpaka mbili.

Wewe uliye kwenye benchi, utapona, meza dawa zote, fungua dirisha. Nesi akikupa karatasi ya mtu unayeishi naye, ataiweka mkononi mwako na itakuwa nyepesi. Usiiweke mahali popote. Nenda kwa huyo mtu, simama mbele yake, msomee. Kama huwezi kusoma, mpe daftari hili mwenye kusoma, mkae wote watatu.